Bi Breki na Mbao za Njano

Wazee wangu, ndugu, majirani, na nyinyi mliokuja kwa lori la kampuni mkiwa mmevaa kofia mpya, poleni kwa jua na poleni kwa kusimama. Mimi ni shangazi wa marehemu, dada wa pekee wa baba yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kikao cha familia kilichokaa juzi kimenipa kazi ya kusoma historia ya mtoto huyu kwa sababu, kilisema, nina sauti na si mtu wa kulia mbele za watu. Kikao hichohicho kiliniomba nikifika kwenye sehemu ya kifo niseme tu kwamba alipata ajali akiwa kazini, nikunje karatasi, nikae. Niliitikia, maana mtu mwenye msiba huitikia mengi. Lakini tangu jana naisoma karatasi hii peke yangu, na kila nikifika hapo najiona kama nimeambiwa nimpe mtoto sifuri mbele ya darasa kwa kosa la mwenzake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote niliyoshika chaki, na sitaanza kulifanya leo mbele ya jeneza la mwanangu.

Tuende kwa utaratibu. Marehemu alizaliwa Jumamosi ya tarehe 14 Juni 1997, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa kaka yangu, fundi seremala, ambaye mnamwona hapo mbele na gunia lake chini ya kiti, na naomba mtu asimuulize lina nini, na wifi yangu, fundi cherehani, aliyewashonea wengi wenu sare za shule. Kwa kuwa alifunga mlango wa uzazi nyumbani tulimwita Kitinda, na kama ilivyo kwa vitinda mimba wengi alilelewa na kila mtu na kudekezwa na kila mtu, ila yeye kudeka kwake kulikuwa kwa namna yake, hakulilia pipi wala nguo, alililia kuingia karakana ya baba yake.

Mtakaompa kaka yangu mkono wa pole leo mtaona kwamba wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilikwenda na msumeno wa umeme kabla Kitinda hajazaliwa, katika karakana ya mtu mwingine, ambaye alimpa likizo kisha akampa barua ya kumwachisha kazi. Mtoto alipoanza kusema vizuri alitaka kujua vile viwili viko wapi, na akaulizia kwa kila mteja aliyefika kuagiza kitanda, kiasi kwamba baba yake aliamua kumpa kazi ya kumtuliza, akamkabidhi nyundo ndogo na kumfundisha kugonga mbao. Ubao mzima ukiugonga huitikia, ubao uliooza ndani hunyamaza. Ndiyo elimu yake ya awali, na aliipenda kuliko ile niliyomfundisha mimi.

Kwangu alikuwa akija siku za likizo, na kosa langu lilikuwa kuacha kalamu nyekundu mezani. Aliniona nikisahihisha madaftari, huyu nampa vema, huyu kosa, naye akaanza kusahihisha nyumba yangu. Aliweka kosa jekundu kwenye mpini wa sufuria uliolegea, kwenye kizingiti kilichotoka msumari, na kwenye kiti cha uvivu cha mume wangu, Mungu amrehemu, mzito wa mwili na mwepesi wa dharau, ambaye alikiangalia kile kikosa, akacheka, akasema mtoto wa seremala anataka kutuuzia kiti kipya, akakaa. Tulimwinua watu watatu. Kuanzia siku hiyo Kitinda akiweka kosa mahali, nyumbani kwangu hapakaliwi wala hapakanyagwi, na nawaambieni hivi si kwa kuwachekesha, ingawa mnaruhusiwa kucheka, nawaambieni kwa sababu tutalihitaji hilo kosa jekundu hapo mbele.

Alianza darasa la kwanza Januari 2005 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza 2011, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 2012 hadi 2015, ambako alikuwa kiongozi wa bweni na alichukiwa kwa haki kabisa kwa kuzuia wenzake kuchomeka hita tatu kwenye soketi moja. Alifaulu, si kwa maksi za kutangaziwa redioni, za kutosha. Baada ya hapo ada haikupatikana, akakaa karakanani na baba yake, akipiga randa na kuandika oda za wateja, mpaka Septemba 2018 alipojiunga na chuo kusomea stashahada ya usalama na afya mahali pa kazi. Mtaani watu waliposikia usalama walidhani anakwenda kuwa mlinzi wa geti, wengine wakadhani mpelelezi wakaanza kumsalimia kwa adabu, na kaka yangu alichoka kueleza, akawa anajibu kwamba mwanangu anasomea vidole vya watu. Alihitimu tarehe 26 Novemba 2021, na picha yake akiwa na joho ndiyo hiyo mliyoiona mlangoni.

Sehemu ya kazi ndiyo fupi kuliko zote kwenye karatasi hii, na ndiyo iliyotuleta hapa. Kwa karibu miaka mitatu marehemu alizunguka na bahasha ya kaki. Kila ofisi ilitaka mtu mwenye uzoefu, na hakuna ofisi iliyokuwa tayari kuwa mahali pa kuupatia. Alifanya mafunzo kwa vitendo bila posho katika mradi wa barabara mwaka 2022, akipewa kazi ya kuhesabu koni za plastiki. Hatimaye, Jumatatu ya tarehe 2 Septemba 2024, aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita kuwa Afisa Usalama na Afya wa kampuni inayojenga lile ghorofa la ofisi mnalolijua, na alikuja kwangu jioni ile na barua mkononi, ameshaisoma mara nyingi mpaka imepata mikunjo, akanisomea na mimi. Nilimuuliza walimuuliza nini kwenye usaili. Akasema walimuuliza kama ana cheti, kisha wakamuuliza kama anaweza kuanza Jumatatu. Tulifurahi. Tungejua tungejiuliza kwa nini watu wenye haraka hivyo hawakumwuliza chochote kuhusu kazi yenyewe, lakini aliyekaa na njaa muda mrefu haulizi chakula kimepikwa na nani.

Ukweli aliugundua wiki ya kwanza. Masharti ya zabuni yalitaka kuwe na afisa wa usalama, kwa hiyo palihitajika cheti ukutani, na cheti hakiendi bila mwenyewe. Meza yake iliwekwa stoo, kati ya mifuko ya saruji na kabati lililojaa kofia nyeupe za ujenzi zikiwa bado kwenye nailoni zake. Nje mafundi walikuwa wakifanya kazi wengine na kofia zilizopasuka, wengine na vitambaa, wengine na nywele zao tu. Akamwomba mtunza stoo afungue kabati. Akaambiwa, hizo zina wenyewe. Akauliza wenyewe ni kina nani. Akajibiwa, wageni. Nawaona mnatazamana, na mimi naziona hizo kofia mlizovaa leo, zinang'aa, bado zina alama za mikunjo ya nailoni. Miezi sita aliziomba akiwa hai. Nashukuru zimetoka, kumbe ufunguo ulikuwepo.

Hakukata tamaa, maana alikuwa na ukaidi wa upande wetu. Kila asubuhi kabla ya kazi alisimama juu ya tofali mbele ya mafundi na kusema jambo moja, moja tu, leo kandambili, kesho shimo la lifti, keshokutwa waya uliochunwa, na mwanzoni walimsikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la dawa ya meno. Alisimamisha kazi mara nyingi kiasi kwamba walimpa jina la Bi Breki, wakimuona anakuja wanapiga mluzi wa gari linalosimama. Alikuja kunishitakia. Nikamwambia mwanafunzi akikupa jina ujue umeanza kumfundisha. Sanduku la huduma ya kwanza alilikuta lina majani ya chai na kufuli la mtu, akalisafisha, akanunua bandeji. Alizungushia kingo za kila sakafu vizuizi vya mbao, na mwashi mmoja alivitukana kwamba vinamzibia njia, na siku iliyofuata mwashi huyohuyo aliteleza kwenye maji ya zege akasimamishwa na kizuizi alichokitukana, akaenda kununua soda, akaiweka mezani kwa Bi Breki. Chupa tupu ya soda ile imo kwenye sanduku lake nyumbani, mama yake ameikuta.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi ambao hamjawahi kufika kwenye ujenzi. Nje ya ghorofa linalojengwa huzungushwa jukwaa la mabomba ya chuma, na juu ya mabomba hulazwa mbao ambazo mafundi hukanyaga. Januari mwaka huu marehemu alichukua nyundo yake akazigonga mbao zote, ubao kwa ubao, kama alivyofundishwa karakanani, na kila uliokuwa mbovu aliuwekea kosa jekundu, juu na chini, ili yeyote aone akiwa amesimama upande wowote. Akaagiza hizo mbovu zishushwe na zikatwe vipande. Zilishushwa. Kukatwa hazikukatwa. Msimamizi wa mradi alimwambia, mbao ni mbao Bi Breki, hata kuni zina kazi yake, na zikarundikwa nyuma ya tangi la maji. Alipomsimulia baba yake, kaka yangu aliacha kula, akamwambia, ubao mbovu ukiuacha mzima iko siku mtu atauhitaji. Kitinda akalipeleka neno hilo kwa msimamizi, na akalirudia wiki iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara aliambiwa subiri ugeni upite.

Na ugeni wenyewe ulikuwa wa mkurugenzi pamoja na wenye jengo, uliopangwa Alhamisi ya tarehe 20 Februari. Ilitakiwa upande wa mbele wa jengo uonekane umekamilika, jukwaa lifike juu, pasiwe na pengo, picha zipigwe. Mbao hazikutosha. Siku ya Jumatano walimtuma Afisa Usalama mjini, na naomba mtulie mnisikilize alitumwa kufuata nini, alitumwa akachukue bango kwa mchapaji, bango kubwa la kitambaa lililoandikwa USALAMA KWANZA. Alishinda huko, maana mchapaji alikuwa amekosea herufi. Yeye akiwa mjini, zile mbao za nyuma ya tangi zilitolewa, zikapakwa rangi ya njano pamoja na nzima, zikapandishwa zote kwa mchanganyiko. Kila mtu wa usalama anajua mbao za jukwaa hazipakwi rangi, kwa sababu rangi huficha ufa, na alikuwa ameshawaambia hilo juu ya tofali lake asubuhi mojawapo. Lakini njano ndiyo rangi ya usalama, walisema, itapendeza kwenye picha. Wahenga walinena usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa ufa waliuona, wakaupaka rangi.

Kabla sijaendelea niwaambieni kwa nini kikao kiliniomba ninyamaze, maana sitaki mwondoke mkiwafikiria vibaya ndugu zangu. Kaka yake marehemu ni dereva wa lori la kokoto la kampuni hiyohiyo, ana mke na watoto, na mliokaa kikao mliogopa tusije tukazika mmoja na kumwachisha kazi mwingine wiki moja. Hofu hiyo si dhambi. Lakini leo asubuhi, nikiwa nachota maji nyuma ya nyumba, dereva huyo alinifuata, akanipokea ndoo, akasema, shangazi soma yote, lori nitapata jingine. Kwa hiyo nasoma yote.

Aliporudi asubuhi ya Alhamisi alikuta jukwaa linang'aa. Aliuliza mbao zimetoka wapi, akaambiwa zimenunuliwa mpya, na wakati huohuo magari ya wageni yakaingia. Kofia nyeupe zikatoka kabatini. Mikanda ya kujifungia juu, ambayo mizima ilikuwa miwili tu katika mradi mzima, ikavalishwa wageni wawili wakubwa ili wapendeze kwenye picha, na wakakaa nayo chini, kwenye viti, chini ya turubai, wanakunywa maji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Labda kwingine.

Upepo ukafungua kona moja ya bango. Msimamizi akamtuma fundi rangi apande akaifunge. Fundi rangi huyo yuko hapa, amesimama kule ukutani, hakutaka kiti, na yeye ndiye aliyekuja kwetu siku ya pili ya msiba akatueleza haya yote, na mwashi wa soda akayathibitisha. Marehemu alikuwa amesimama chini. Akainua macho kumtazama fundi juu, jinsi alivyozoea kuwatazama wote, na akaona kile ambacho waliokaa kwenye viti wasingeweza kukiona, kwamba mbao zimepakwa upande wa juu na ubavuni tu, upande unaopigwa picha, na chini ya miguu ya fundi rangi, kwenye tumbo la ubao, lipo kosa jekundu. La kwake, la mwezi uliopita.

Alimwita kwa sauti ya kawaida ili asimshtue, akamwambia usitembee, kanyaga bomba, shika chuma. Fundi alipoelewa kilicho chini yake aliganda. Marehemu akageuka kwenye viti akaomba mkanda mmoja, na akajibiwa, dakika moja tu, tunamalizia picha. Hakuisubiri hiyo dakika. Akapanda. Alimfikia, akampa mkono, akamhamishia kwenye bomba, kisha kwenye ngazi, na yule fundi yuko hai, ana mama yake aliyekuja leo naye. Marehemu alipogeuka kurudi alikanyaga ubao wa jirani. Huo nao ulikuwa na kosa, lakini kutoka chini ulikuwa umefunikwa na bango, na kutoka juu zote zilikuwa njano. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu, mbele ya wageni.

Gari la wagonjwa halikuwepo, na magari ya wageni yalikuwa yameziba njia yakisubiri wenyewe, kwa hiyo alibebwa na lori la kokoto, na aliyeliendesha ni kaka yake. Sitasema zaidi kuhusu safari hiyo, ni mali yake.

Marehemu alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji siku ileile, na siku ya Jumatatu alizinduka. Maswali yake yalikuwa mawili. La kwanza, fundi rangi yuko wapi, tukamwambia yuko nje ya mlango amekataa kwenda kwake. La pili, je, zile mbao zimekatwa. Mama yake, kwa kutaka apumzike, alimjibu ndiyo mwanangu, zimekatwa. Akamtazama mama yake. Mtoto aliyelelewa na mwalimu anajua mtu mzima anapojibu haraka mno, akafumba macho. Jumatano hali ilibadilika, na Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025, asubuhi, madaktari wakiwa pembeni yake, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Miezi sita ya majaribio ingekwisha Jumamosi, siku moja baadaye. Sijui kama alifaulu. Barua haijaja.

Wengi mmetuambia kazi ya Mungu haina makosa. Naafiki. Ila tusimbebeshe Mungu kazi ambayo haikuwa yake, yeye hakupaka mbao rangi. Na msimamizi wa mradi, aliyefika kutupa pole akakaa sebuleni kwa kaka yangu akapewa maji, alisema kwa upole kwamba inasikitisha Afisa Usalama mwenyewe kupanda bila mkanda, kinyume na kanuni alizokuwa akiwafundisha wenzake, na ndivyo walivyoandika kwenye taarifa yao. Hiyo ndiyo sifuri mnayotaka kumpa. Basi andikeni na hili, kwamba aliomba mkanda na ulikuwa umevaliwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Kitinda hakuwa mzembe. Mwalimu wake wa kwanza anasema hivyo, mwenye kalamu nyekundu.

Penye ndoa karatasi yangu ina mstari mfupi. Marehemu hakujaliwa kufunga ndoa. Yule fundi umeme wa mtaa wa pili, aliyebeba jeneza upande wa mbele, alikwishajitambulisha kwetu mwezi Desemba, na jibu lake lilichelewa kwa kuwa bibi harusi alisema kwanza athibitishwe kazini, asije akaolewa akiwa wa majaribio kotekote. Tulicheka sana siku hiyo. Mkwe wangu, maana nitakuita hivyo, jibu lilikuwa ndiyo, aliniambia mimi. Penye watoto hapana kitu, lakini mama wa fundi rangi alipofika asubuhi alimkumbatia wifi yangu, wakakaa chini sakafuni wawili hao, mmoja mwanawe yupo na mwingine hayupo kwa sababu hiyohiyo.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, ambao walipigania uhai ambao wengine waliuchezea, na daktari wa upasuaji ambaye alikuja kutuambia ukweli kila siku akiwa amesimama, bila kutuficha kwa maneno makubwa. Tunawashukuru majirani kwa maji, turubai, viti na kukesha na sisi. Tunawashukuru mafundi, waashi, vibarua na wapaka rangi wa mradi ule, mlioacha kazi tangu Ijumaa bila kutumwa na mtu. Kampuni tunaishukuru kwa jeneza lililoletwa, ingawa mnaona hatukulitumia. Lilikuwa zuri, limepakwa vanishi nzito, na kaka yangu alilizunguka mara moja akasema samahani, hana imani tena na mbao zilizopakwa. Hili alilomo mwanawe amelitengeneza mwenyewe kwa vidole vyake vinane, halina rangi, na kila ubao wake ameugonga.

Limebaki moja. Mkaguzi wa serikali amechukua vipande vya ubao uliovunjika na mwingine ule wa fundi rangi, amepiga picha, amesema hizo zinamtosha, zilizobaki hana kazi nazo. Zilizobaki zimeshushwa. Mwashi wa soda ameniambia ziko wapi. Ziko nyuma ya tangi la maji, nzima, za njano, zinasubiri mtu wa kuzihitaji.

Ndani ya gunia la kaka yangu kuna msumeno. Mliouona asubuhi mkanong'ona kwamba msiba umemchanganya, hapana, ana akili kuliko sisi sote. Tukitoka makaburini hatutarudi nyumbani moja kwa moja, tutapitia kazini kwenu. Dereva anajua njia, fundi rangi atatuonyesha rundo, na mwenye kofia mpya akitaka kutufungulia geti atakuwa ameivaa kwa haki. Zitakatwa vipande vipande, mbele ya wote, mpaka wa mwisho, na mama yake atakuwepo, ili lile jibu alilompa mwanawe kitandani lisibaki kuwa uongo.

Kitinda, mwanangu, Bi Breki wa watu, tangulia. Hatutachelewa. Ukisikia msumeno umenyamaza, ujue umekwisha ubao wa mwisho, na hapo ndipo upumzike kwa amani.